Utukufu Una Kilo Ngapi?

Alhamisi moja jumuiya yetu ya Tabata, Dar es Salaam, ilisoma Neno gizani. Umeme ulikatika tukiwa kwenye wimbo wa pili, mwenye nyumba akaleta taa ya kuchaji, tukaendelea. Tulipofika Kutoka 33, pale Musa anapomwambia Mungu, "Nakusihi unionyeshe utukufu wako," mama mmoja anayeuza samaki soko la Feri akanisimamisha. "Mwalimu, huo utukufu aliokuwa anautaka Musa ni kitu gani hasa? Maana mimi nauimba kila Jumapili, na sijui naimba nini."

Nikajibu haraka haraka kwamba ni mwanga wa Mungu, ule mng'ao wake. Akaitikia kwa adabu, akaniacha niendelee. Lakini hakuridhika, nilimwona, na usiku ule nikiwa njiani kurudi nyumbani na mimi nikagundua sijaridhika. Musa alikwisha kuona kijiti kinachowaka bila kuteketea. Aliongozwa jangwani na nguzo ya moto. Alipanda mlima ambao juu yake, mbele ya macho ya Israeli wote, palikuwa na kitu mfano wa moto uteketezao. Kama utukufu ni mwanga, alikuwa anaomba nini tena?

Ilinichukua wiki tatu kulifuatilia neno hilo, na niliyoyakuta yamebadilisha hata namna ninavyozisikia nyimbo zetu.

Neno la Kiebrania ambalo Biblia zetu zinaliita utukufu ni kavod. Mzizi wake ni herufi tatu, k-b-d, na maana yake ya msingi haihusu kung'aa. Ni kuwa mzito. Uzito wa kawaida kabisa, kama wa gunia la mchele. Musa anapolalamika kwamba kinywa chake ni kizito na hawezi kusema mbele ya Farao, mzizi ni huo. Mikono yake inapolegea vitani hadi Haruni na Huri wakaitegemeza, ni huohuo. Nywele za Absalomu zilipomwelemea akazikata kila mwaka, zikapimwa zikafika shekeli 200, ni k-b-d tena. Hata ini, kile kiungo kizito ndani ya mnyama, Waebrania walikiita kwa mzizi huu. Na Mwanzo 13:2, mahali tunaposoma kwamba Abramu alikuwa tajiri sana, Kiebrania kinasema alikuwa "mzito sana" kwa mifugo, kwa fedha na kwa dhahabu.

Hapo mtu wa Dar hahitaji kamusi. Sisi wenyewe tunasema, "Yule ni mtu mzito," na hakuna anayefikiria kilo. Mtu mzito ni yule ambaye akiingia ofisini karani anasimama, akipiga simu faili linaonekana, akinyamaza kikaoni watu wanaanza kujiuliza amekasirikia nini. Tunasema jambo zito, neno zito, tunampa mtu uzito au tunalichukulia suala kwa uzito. Upande wa pili wapo watu wepesi na maneno mepesi. Kiebrania kinakwenda njia hiyohiyo: mzizi wa kuwa mwepesi, q-l-l, ndio unaobeba pia maana ya kudharau na kulaani. Kumlaani mtu ni kumfanya mwepesi. Kumheshimu ni kumfanya mzito.

Kwa hiyo amri ya tano, "Waheshimu baba yako na mama yako", kwa asili yake inasema: wape uzito. Nakiri kwamba hapa nilifunga kitabu kwa muda. Miaka ya mwisho ya baba yangu alikuwa akinipigia simu kutoka kijijini saa za jioni, na mimi nikiwa kwenye foleni ya Buguruni nilikuwa naiangalia ile simu inaita, namwambia moyoni, nitakupigia. Sikumtukana hata siku moja. Nilimfanya mwepesi tu.

Kitabu kinacholichezea neno hili kwa ustadi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni Samweli wa Kwanza, sura ya 2 hadi ya 6. Ukizisoma hivihivi ni habari za vita na Sanduku la Agano, lile lililokuwa ishara ya Mungu kukaa na Israeli. Ukizisoma ukiwa na k-b-d masikioni, unasikia ngoma moja ikipigwa chini kwa chini mwanzo hadi mwisho.

Eli ni kuhani pale Shilo. Wanawe Hofni na Finehasi wanachukua nyama ya sadaka kwa nguvu, hata kabla mafuta hayajateketezwa kwa ajili ya Mungu. Mtu wa Mungu anamjia Eli na shitaka: unawaheshimu wanao kuliko mimi, mkijinenepesha kwa sehemu bora za matoleo ya watu wangu. "Unawaheshimu" ni k-b-d: umewapa uzito wanao. Kisha inafuata hukumu iliyopimwa kama kwa mizani: wanaonipa uzito nitawapa uzito, na wanaonidharau watakuwa wepesi.

Sura mbili mbele Israeli wanapigwa na Wafilisti. Wanaamua kulichukua Sanduku hadi vitani, kama mtu anayefunga hirizi, na wanapigwa vibaya zaidi: askari 30,000 wanaanguka, Hofni na Finehasi wanakufa, Sanduku linatekwa. Eli ana miaka 98, haoni, ameketi kitini kando ya njia akisubiri habari. Mjumbe anamwambia wanawe wamekufa. Anavumilia. Anapotajiwa Sanduku, anaanguka kwa nyuma, shingo inavunjika, anakufa, na mwandishi anatoa sababu ambayo kwa miaka mingi niliiona kama kiroja tu: alikuwa mzee, tena mzito. Sidhani kama ni kiroja. Ule unene wa sadaka zilizoibwa umehesabiwa. Uzito uliokuwa wa Mungu ulihamia kwenye mwili wa kuhani, na ndio uliomwangusha.

Mkwewe, mke wa Finehasi, anashikwa na uchungu saa ileile. Anajifungua mtoto wa kiume na kabla hajakata roho anamwita Ikabodi, akisema utukufu umeondoka katika Israeli. Ndani ya jina hilo kavod imo: hakuna utukufu, au utukufu uko wapi? Uzito umekwenda.

Umekwenda wapi? Sura ya 5 inajibu. Mkono wa BWANA ukawa mzito juu ya watu wa Ashdodi. Sanduku limewekwa ndani ya hekalu la Dagoni, mungu wa Wafilisti, na asubuhi Dagoni amelala kifudifudi mbele yake. Hakuna jeshi la Israeli pale, hakuna kuhani, hakuna kwaya. Hatimaye ni waaguzi wa Kifilisti wenyewe wanaowaambia watu wao: mpeni Mungu wa Israeli utukufu, na kwa nini mnaifanya mioyo yenu kuwa mizito kama Farao? Mara mbili tena, k-b-d na k-b-d. Sanduku linarudi kwao kwa gari linalokokotwa na ng'ombe wawili wanaonyonyesha, bila mtu wa kuwaongoza. Utukufu uliondoka Israeli, lakini haukupungua hata ratili moja. Wao ndio waliobaki wepesi.

Basi mwanga tunaouimba umetoka wapi? Umo, sikatai. Wachungaji wa Bethlehemu waling'ariwa na utukufu wa Bwana pande zote. Ezekieli kando ya mto Kebari aliona moto na mng'ao kama wa upinde wa mvua. Ila angalia jinsi wanavyojihadhari: Ezekieli hasemi aliuona utukufu, anasema huo ndio uliokuwa mfano wa kuonekana kwa utukufu wa BWANA. Ametanguliza ngazi mbili kabla ya kulifikia neno lenyewe. Na kwenye Torati utukufu unakuja ndani ya wingu, kitu kinachofunika. Moto ni kile ambacho jicho linaweza kukipata kwa nje. Kwa ndani kinachotokea ni kwamba watu wanakosa nafasi.

Hili nililielewa Kariakoo, si kanisani. Pita Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi. Njia imejaa hadi huoni chini: meza za viatu, wanaopanga bei, akina dada na mifuko. Kisha nyuma yako unasikia, "Mzigo! Mzigo huo!" Hugeuki kutazama ni nani. Unabana ukutani. Anapita kijana na robota la mitumba mgongoni, shingo imesimama mishipa, macho yako chini, na umati uliokuwa haupenyeki umefunguka wenyewe kama pazia. Hakumwomba mtu samahani wala hakuwasha taa. Kitu kizito kinapita, vyepesi vinapisha. (Na jina la eneo lenyewe, kwa wasiojua, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata jina lake ni la wabeba mizigo.)

Sasa soma mwisho wa kitabu cha Kutoka: "utukufu wa BWANA ukaijaza maskani," na Musa, Musa yuleyule wa mlimani, hakuweza kuingia. Soma 1 Wafalme 8, siku Sulemani anapoweka wakfu hekalu: makuhani hawakuweza kusimama ili kuhudumu. Hakuna anayesema macho yao yaliumia. Walipisha.

Na hiyo "maskani" ina utamu wake. Kwa vijana wa Dar, maskani ni pale chini ya mwarobaini, benchi moja, bao na stori hadi usiku. Mahali ambapo mtu asipoonekana siku mbili anaulizwa. Waliotafsiri Biblia ya Union hawakuwa wanawaza vijiwe, lakini neno walilolichukua, lililotufikia kupitia Kiarabu, ni ndugu wa damu wa neno la Kiebrania mishkan, mahali pa kukaa. Mungu aliye mzito kiasi hicho akaomba ajengewe maskani katikati ya mahema ya watu, ili akae nao. Ni kutoka mzizi huo wa kukaa ndipo walimu wa Kiyahudi wa baadaye walipopata neno Shekina, ambalo siku hizi linatajwa kwenye mahubiri kana kwamba limo kwenye Biblia. Wazo limo. Neno halimo.

Niliwahi kualikwa kwenye mkesha mmoja mjini uliopewa jina la utukufu. Palikuwa na taa za rangi na mashine ya moshi, na kila pambio lilipopanda, moshi nao ulipanda. Wazee wa mstari wa mbele walikohoa mpaka mwisho. Siwacheki walioandaa. Waliwaza kama nilivyowaza mimi, kwamba wingu na mng'ao ndio kitu chenyewe.

Turudi kwa Musa. Ameomba aonyeshwe utukufu. Jibu la Mungu limekaa pale wazi na nililipita mara nyingi bila kulisoma: "Nitapitisha wema wangu wote mbele yako." Aliomba utukufu, akaahidiwa wema. Hilo si kukwepa, kwa sababu Mungu anaendelea kuuita utukufu: utukufu wangu utakapokuwa unapita, nitakutia katika pango la mwamba na kukufunika kwa mkono wangu. Uso wake Musa hataruhusiwa kuuona. Sura inayofuata, wakati wenyewe unapofika, simulizi halituambii Musa aliona nini. Hakuna rangi, hakuna umbo. Tunaambiwa alichosikia: "BWANA, BWANA, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli." (Kiebrania pale kwenye hasira kinasema "mrefu wa pua", ni Kiswahili kilichotuletea wepesi, na kwa makala hii nakishukuru.) Kumbuka ni lini haya yanasemwa. Ndama ya dhahabu imetoka kusagwa juzi. Mbao za amri zimevunjika, na Musa amechonga nyingine kwa mkono wake. Kilicho kizito ndani ya Mungu, kile ambacho mtu akikiona uso kwa uso hataishi, kinapotamkwa kwa maneno kinaanza na huruma.

Kwenye Agano Jipya mambo yanakorogeka kidogo kwa sababu ya tafsiri. Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kuyahamishia Maandiko kwenye Kiyunani, karne ya 3 kabla ya Kristo, kavod walilipa neno doxa. Kwa Wayunani doxa lilikuwa ni maoni, jinsi mtu anavyoonekana kwa wenzake, na hapo sifa yake. Neno la mizani likavikwa nguo ya macho. Yohana anaujua mchezo huo na anautumia: wakuu fulani, anasema, walipenda utukufu wa wanadamu kuliko utukufu wa Mungu. Ni neno lilelile moja, lakini huku ni maoni ya watu, kule ni uzito.

Yohana huyohuyo hasimulii jinsi Yesu alivyogeuka sura mlimani na mavazi yake kung'aa. Mathayo, Marko na Luka wanasimulia. Yeye, aliyesema "nasi tukauona utukufu wake", analiacha tukio lenye mwanga kuliko yote. Badala yake, mezani usiku wa mwisho, Yuda anapokea tonge na kutoka. Yohana anaongeza kwamba ilikuwa usiku. Na mara tu mlango unapofungwa, Yesu anasema sasa Mwana wa Adamu ametukuzwa. Sasa, gizani, msaliti akiwa njiani. Nilipoyasoma haya nilikumbuka jibu langu la Alhamisi ile na nikaona aibu.

Limebaki swali ambalo wengi wanaliogopa: Mungu anataka utukufu wa nini? Katika Isaya 42 anasema utukufu wake hatampa mwingine. Kwa mtu tungesema ni majivuno. Na tukimtukuza tunamwongezea kitu gani?

Nenda dukani ukapime kilo ya sukari. Mizani haiiongezei sukari hata punje. Inasema tu ilicho. Mizani ikisema pungufu au zaidi, sukari haijabadilika. Mizani ndiyo mbovu, na Mithali inaiita mizani ya hadaa chukizo kwa BWANA. Kumtukuza Mungu ni kusoma mizani sawasawa. Ndiyo maana kwenye Biblia "mpe Mungu utukufu" ni maneno ya kumtaka mtu aseme kweli. Yoshua alimwambia hivyo Akani, mwizi wa Yeriko, kabla ya kumwuliza amefanya nini. Mafarisayo walimwambia hivyo kipofu aliyeponywa katika Yohana 9, wakitarajia amkane Yesu. Akampa Mungu utukufu kwelikweli: neno moja najua, nilikuwa kipofu, sasa naona. Hakuzidisha. Nikizisikia shuhuda zetu nyingine, ambazo homa ya siku mbili inapanda kuwa kufufuka kwa wafu, huwa namkumbuka yule bwana.

Herode Agripa ni mfano wa mizani iliyokataa kusoma. Mwaka 44, pale Kaisaria, alihutubia akiwa amevaa mavazi ya kifalme. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi, anasema vazi lilifumwa kwa fedha tupu na jua la asubuhi lilipolipiga likawatia watu hofu. Umati ukapiga kelele kwamba hiyo ni sauti ya mungu. Matendo 12 inasema malaika alimpiga kwa sababu hakumpa Mungu utukufu, akaliwa na chango akafa. Mng'ao ulikuwepo, wa kutosha. Paulo anaposema wote wamefanya dhambi "na kupungukiwa na utukufu wa Mungu", mimi siku hizi nasikia lile neno lililoandikwa ukutani kwa mfalme Belshaza: umepimwa katika mizani, ukaonekana umepunguka.

Baada ya wiki tatu nikarudi jumuiya na kumjibu yule mama upya. Umeme ulikuwepo. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani, kisha akasema, "Kumbe. Hata pale Feri ndivyo. Mteja mgeni anachagua samaki kwa kung'aa, na sisi tunawamwagia maji wang'ae. Anayejua anamnyanyua." Watu wakacheka. "Sasa huo utukufu una kilo ngapi, mwalimu?"

Nikawafungulia 2 Wakorintho 4:17. Paulo, mtu aliyepigwa fimbo, akapigwa mawe, akavunjikiwa merikebu mara tatu, anaiita dhiki yake nyepesi. Upande wa pili wa mizani anaweka kitu ambacho Kiyunani chake kinakiita uzito wa utukufu, na anaurundika, ziada juu ya ziada, mpaka sentensi inakaribia kupasuka. Nilitafuta neno la kumweleza mtu wa sokoni nikalipata moja tu. Lumbesa, nikasema. Gunia limejaa, limeshonewa kofia juu, na bado linaongezwa.

"Lumbesa si serikali imekataza?" akauliza kaka mmoja anayeshusha viazi vya Njombe.

"Imekataza, na kweli inaua mbebaji," yule mama akamjibu, kisha akanigeukia mimi, hacheki tena. "Hiyo ya Mungu, mwalimu, mpagazi wake nani?"

Nikampa Biblia yangu, nikamwonyesha kwa kidole Yohana 19:17, asome mwenyewe, pale Yesu anapotoka mjini akijichukulia msalaba wake.